Kumtafuta na kumkumbuka askari wa Keya aliyebaki Burma

Kila Shaabani, kabla ya hitma ya nyumbani kwetu Langoni, Lamu, huandikwa karatasi ya majina ya marehemu ili msoma dua asimwache mtu. Bibi huketi kitandani akahesabu kwa vidole: huyu yuko makaburi ya hapa, huyu Matondoni, huyu alizikwa Mombasa. Mwisho husema, "Na yule alokwenda Bama, hakuya." Miaka yote aliandikwa hivyo hivyo, "wa Bama", hata wajukuu wengine wakadhani ndilo jina lake.

Yule wa Bama ni kaka yake babu, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa askari wa miguu wa Keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Mashariki, akafa mwaka 1944 huko Burma, Myanmar ya leo, katika vita vya Hitila. Kumpata kumetuchukua takriban miaka miwili, na zaidi ya nusu ya muda huo ilipotea kwa makosa yetu wenyewe. Hapa naandika njia ambayo ningeifuata kama ningeanza leo. Kama kwenu pia yuko mmoja wa namna hii, na wapo katika nyumba nyingi kuliko tunavyodhani, itakupunguzia mizunguko.

Anza na wazee, intaneti itangoja

Orodha za askari hazikimbii. Bibi yako ndiye anayekimbia.

Usimuulize "alikufa lini", atakwambia "zamani" na mazungumzo yataishia hapo. Muulize mambo yaliyomgusa yeye. Siku anaondoka nani alikuwa na mimba nyumbani? Aliondoka kwa jahazi au kwa meli? Ilikuwa kaskazi au kusi? Barua zake alikuwa akizisoma nani? Na habari ya kifo ililetwa na nani: mudiri, mtu wa liwali, au mwenzake aliyerudi? Kila jibu ni tarehe iliyojificha. Bibi alipotwambia kwamba kaka mtu aliondoka mwaka ambao shangazi yetu mkubwa "ameanza kutambaa", tulikuwa tumeshaupata mwaka wa kuandikishwa.

Rekodi kwa simu, na umwache aseme hata yasiyohusu. Hapo ndipo tulipolisikia jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisema mbele ya watoto. Habari ya kifo ilifika Lamu miezi sita baada ya kifo chenyewe. Mkewe alitaka kukaa eda, akaambiwa haina tena: eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, nayo huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku habari ilipofika. Imekwisha zamani, naye akiwa bado anampikia mumewe futari katika mawazo yake. Bibi anasema alivua dhahabu na kuvaa nyeupe hata hivyo, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Kwa hiyo tarehe ya kifo si ya kupamba ukuta. Ina hukumu zake, za eda na za mirathi, na baadhi ya nyumba bado zina mambo hayajakaa sawa kwa sababu ya tarehe hiyo.

Karatasi iliyo ndani ya sanduku

Karibu kila familia ina kitu kimoja: karatasi, picha, au nishani. Ya kwetu ilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya sanduku la bibi, imekunjwa mara nne na kuanza kukatika mikunjoni. Maandishi ya taipu ya zambarau, mhuri, na sahihi isiyosomeka.

Nikafanya upuuzi. Niliipeleka kwenye duka la fotokopi ipigwe laminesheni, eti isizidi kuharibika. Ilipita kwenye ile mashine ya moto ikatoka upande wa pili na ukungu wa zambarau pale palipokuwa na tarakimu mbili za mwisho za nambari yake. Sikuwa nimeipiga picha kwanza. Kijana wa dukani hakuwa na kosa, alifanya nilichomwomba. Miezi minane ya kutafuta ilitokana na tarakimu zile mbili.

Basi: usilaminishe, usipige pasi, usibandike na selotepu. Ifunue taratibu, iweke kwenye meza karibu na dirisha asubuhi, piga picha kwa mwanga wa nje bila fleshi, mbele na nyuma, kisha picha nyingine za karibu za kila mstari. Tuma nakala kwa ndugu watatu. Kisha irudishe katikati ya kitabu kikubwa, mahali pakavu, maana unyevu wa hapa kwetu hauna huruma na mchwa ndio kabisa.

Unachotafuta kwenye karatasi ni nambari ya askari. Ni tarakimu, na mara nyingi hutanguliwa na herufi. Nambari ni bora kuliko jina, kwa sababu jina karani alilisikia tu, lakini nambari aliitoa karani mwenyewe.

Kuhusu nishani, wengi huja nayo wakitarajia itawaambia kila kitu. Nishani za Waingereza za vita vya pili walizopewa askari wetu hazikuchongwa majina. Ile nyota ya shaba yenye utepe wa buluu iliyoiva, mstari mpana mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa, ni Nyota ya Burma. Inakwambia alikuwa upande ule wa vita, basi.

Keya ipi?

Wazee wetu waliita "Keya" jeshi lote. Dereva alikuwa Keya, mpika chakula Keya, mpiga mizinga Keya. Lakini KAR ni vikosi vya askari wa miguu, na watu wa pwani hawakuwa wengi humo. Waingereza walikuwa na dhana zao kwamba watu wa bara ndio wa kupigana, wa pwani wakae kwenye kalamu, magari na vyombo vya baharini. Kwa hiyo kabla ya kusema "alikuwa askari wa miguu", tafuta ushahidi: picha yenye beji, nambari ya kikosi, au jina la mwenzake aliyerudi.

Waliokwenda Burma kwa miguu wengi wao walikuwa katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru. Mlikuwamo Wakenya, Waganda, Watanganyika na watu wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Kikosi cha 11 cha KAR ndicho kilichokuwa cha Kenya. Walivuka kwanza hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, wakafanya mazoezi ya msituni, na katikati ya 1944 wakaingia Burma kupitia upande wa Imphal. Wakateremka na bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko, tope la magotini, malaria na homa ya chawa wa nyasi vikiua pamoja na risasi. Tarehe 2 Desemba 1944 waliingia Kalewa, kwenye mto Chindwin, na siku chache baadaye wahandisi wakatandika hapo daraja la futi 1,154. Kwa kalenda yetu hiyo ni Mfungo Tatu wa mwaka 1363, kama wiki moja baada ya Idi ya kuchinja. Nilipopiga hesabu hiyo nilinyamaza kidogo. Wa kwetu alikufa mwezi Novemba kabla ya idi ile, kwa hiyo hakuiona.

Kama wazee wanasema "meli yake ilizama", hiyo ni habari nyingine. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa Februari 1944 kuelekea Colombo, na tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hao usiwatafute Burma. Anza na Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong.

Andika jina kwa kila namna ya kukosewa

Kama una haraka, ruka sehemu nyingine zote lakini hii usiiruke.

Hebu mwone karani mezani, foleni ndefu, jua la saa saba. Kijana wa Lamu anataja jina lake. Karani ni mtu wa bara, au ni Mwingereza. Jina la kwanza la wa kwetu ni Athman. Karani anaweza kuandika Athumani, Asumani, Osman, Othman, Uthman, Asman, Athuman. Hilo ni jina moja tu, na bado hujafika kwa baba. Shee huwa Shei, Sheh au Shehe. Lali huwa Lari. Kombo huanza na C. "Bin" ama imefutwa, ama imeunganishwa na jina la baba likawa neno moja la ajabu, ama yamewekwa mahali pake maneno ya Kiingereza ya "mwana wa". Kisha yapo majina ya nyumbani. Kijana aliyeitwa na mama yake Bwana fulani anaweza kuwa amejiandikisha kwa jina la kaka yake mkubwa, au la uongo kabisa, kwa kuwa baba hakumpa ruhusa.

Chukua daftari. Upande wa kushoto andika jina lake kamili kama linavyotamkwa nyumbani. Kulia, kwa kila jina, andika namna zote ulizoweza kuzifikiria, kisha mpe daftari mtu asiye wa pwani, wewe uyatamke, yeye aandike alivyosikia. Tulimwomba mwalimu mmoja kutoka bara atufanyie hivyo kwenye baraza. Katika dakika tano aliandika "Asumani" bila kufikiri, na hilo ndilo lililokuwa kwenye orodha.

Pia geuza mpangilio. Orodha za Kiingereza zinataka jina la ukoo, na sisi hatuna jina la ukoo kwa maana yao. Jina la mwisho kwenye mdomo wa askari likafanywa la ukoo, au la kwanza likafanywa hivyo. Jaribu yote mawili.

Kutafuta kwenye orodha

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ijulikanayo kwa herufi CWGC, ilianzishwa 1917 na ndiyo yenye orodha kubwa ya waliokufa. Tovuti yake ni bure. Mtu akikwambia umlipe ili "akusajilie" babu yako kwenye orodha, au ili ulipwe fidia ya askari wa zamani, shika mfuko wako. Wamepita hapa watu wa namna hiyo, na fomu zao zilikuwa nzuri kuliko za serikali.

Ukiwa na nambari, ingiza nambari peke yake. Usipokuwa nayo, chagua vita vya pili, andika jina la kikosi, kisha namna moja ya jina kwa wakati mmoja. Sehemu ya nchi iache wazi. Katika utafutaji wa kina kuna mahali pa taarifa za ziada, ambapo pengine liliandikwa jina la baba, la mke na la kijiji. Andika hapo "Lamu" na usome wote watakaotokea. Nilisoma orodha hiyo usiku mmoja, bibi akiwa amelala chumba cha pili, na nikakuta majina ambayo watoto wao nawajua kwa sura.

Usibanwe na mwaka 1945. Tume inahesabu waliokufa kazini hadi mwisho wa 1947, kwa hiyo aliyekufa kwa maradhi kambini akisubiri meli ya kurudi naye anaweza kuwamo.

Ukimpata, pakua cheti chake cha ukumbusho, nacho ni bure. Ukikuta jina limekosewa, waandikie uwaeleze na uambatanishe ushahidi: ile karatasi ya mkebe, cheti cha ndoa cha kadhi, chochote cha wakati ule. Maneno ya bibi peke yake hayatatosha kwao, ingawa kwetu ndiyo yenye uzito zaidi.

Kaburi, au jina juu ya nguzo

Soma vizuri mahali palipoandikwa. Kama ni makaburi, utaona namba ya eneo, herufi ya safu, na namba ya kaburi. Kama ni ukumbusho, maana yake kaburi lake halijulikani, na utaona namba ya upande wa nguzo. Familia nyingi hukosea hapa wakaagiza picha ya kaburi lisilokuwapo.

Kwa Burma, vyote viwili viko pamoja Taukkyan, kiasi cha kilomita 35 kaskazini ya Yangon. Makaburi ni zaidi ya 6,000, kila moja na kibao cha shaba juu ya jiwe fupi lililoinama. Katikati zimesimama nguzo za Ukumbusho wa Rangoon, karibu majina 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana, yamepangwa kwa vikosi. Wa kwetu yuko kwenye nguzo. Waliofia Ceylon wako Colombo, Kandy na Trincomalee.

Kwenda mwenyewe? Tangu mapinduzi ya Februari 2021 Myanmar imo vitani, na bonde la Kabaw lenyewe si mahali pa mzuru. Wapo watu wa kujitolea wanaopiga picha za makaburi na kuwatumia jamaa. Nauli hiyo itumie kwa mambo mengine nitakayoyataja hapo chini.

Ukitaka kujua siku yake ya mwisho ilikuwaje, shajara za vita za vikosi vya upande ule ziko kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, chini ya fungu WO 172. Shajara hutaja maofisa kwa majina na askari kwa idadi. Utasoma "askari wawili wameuawa" na utajua mmoja ni wako. Jiandae kwa hilo.

Kama hayumo kabisa

Kwa vita vya pili, rudi kwenye daftari la majina kwanza. Kwa vita vya Mjarumani, 1914 hadi 1918, hali ni tofauti: askari na wapagazi wengi mno wa Afrika Mashariki hawakuandikwa kwa majina popote. Tume yenyewe ilikiri hivyo katika ripoti ya Aprili 2021, kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya askari iliyo Kenyatta Avenue, Nairobi, ina maneno kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwamo, yanayosema ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Walioyaweka maneno hayo hawakuyaweka majina. Kwa mtu wa vita vile, tegemeo lako ni taarifa za wilaya kwenye Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, na vichwa vya wazee, kama wamebaki.

Hitma

Swali la kwanza watu huuliza ni swala ya ghaibu, yaani kumswalia maiti asiyekuwapo. Sisi wa Shafi tunaikubali, lakini kwa yule ambaye siku maiti alipokufa swala ilikuwa inamlazimu. Wajukuu tuliozaliwa baada ya vita hatumo. Muulize sheikh wako kabla ya kutangaza msikitini, usije ukamwaibisha. La pili ni kama yeye ni shahidi, naye alikufa chini ya bendera ya Mwingereza. Hilo waachie wanavyuoni, wala usiliruhusu liingie kwenye baraza siku ya hitma. Kwetu liliingia, na kahawa ikapoa.

Hitma yenyewe ni ile ile. Juzuu 30, wasomaji wakigawiwa, chetezo cha udi, kahawa, halua na mahamri. Tofauti ni mbili tu. Kwanza, badilisha tarehe ya kifo kwenda kalenda ya Kiislamu uichague hiyo, ili wajukuu waikumbuke kwa mwezi wanaoujua. Pili, mpe msoma dua jina kwenye karatasi kubwa, limeandikwa kamili hadi kwa babu yake, na umsomee kabla hajaanza. Msomaji wetu alikuwa amezoea "wa Bama" miaka thelathini, na ulimi wake ukateleza mara ya kwanza.

Hela za nauli ya Burma tulizifanya misahafu ya chuo, jina lake ukurasa wa kwanza, na kutengeneza kibao.

Kibao

Jiwe bila maiti hatukulitaka. Tukampelekea fundi wa nakshi ubao wa mvule wa urefu wa mkono, wa kuwekwa ukutani darini kwa bibi. Fundi akauliza, "Niandike Athman au Asumani?" Ami yetu wa Mombasa alitaka Asumani, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwenye nguzo, na mgeni akimtafuta atampata. Mjomba akasema hatutamwita mtu wetu kwa sikio la karani. Wakanuniana wiki nzima kwenye simu.

Fundi ndiye aliyemaliza. Mbele alichonga Athman, na jina la baba na la babu, pambizoni maua ya nakshi. Nyuma, mahali panapoelekea ukuta, akaandika kwa ncha ya patasi Asumani, na nambari yake yote, pamoja na zile tarakimu mbili.

Shaabani iliyopita bibi alipohesabu alinizuia kalamu. Nilikuwa nimemwandika mwisho, mahali alipozoea. Akasema huyo ni mkubwa wa babu yako, mpandishe. Nikachana karatasi nikaanza upya.